Meno yamesafishwa, sawa. Lakini ulipewa tarehe ya kurudi?

Mwaka juzi mwezi wa Machi nilitema damu kwenye karai nikaimwaga haraka kabla mathe hajaona. Haikuwa mara ya kwanza. Kwa karibu mwaka mzima, kila nikipiga mswaki povu lilikuwa likitoka na wekundu. Kwanza nilisema ni mswaki mgumu, nikanunua mwingine wa nyuzi laini pale soko la Mutindwa. Damu ikaendelea. Nikasema basi ni vitamini zimepungua, nikala machungwa wiki mbili. Nilikuwa na miaka 24, nacheza mpira kila Jumapili, na kichwani mwangu ugonjwa wa fizi ulikuwa mambo ya wazee wa kijijini.

Kilichonipeleka kwa daktari si damu. Ni dadangu mdogo, ambaye hajui kuzungusha maneno. Alinikuta jikoni tukipika chai akaniambia, "Kaka, usikasirike. Mdomo wako unanuka, na si ile ya asubuhi." Nilikuwa nimeajiriwa dukani, kazi yangu kutwa nzima ni kuinama kwenye kaunta nikiongea na wateja. Usiku huo sikulala. Nilianza kukumbuka watu waliokuwa wakirudi hatua moja nyuma nikiongea.

Basi nikaenda kliniki moja ya mtaani. Nilikaa kitini kama dakika arobaini, kile kichuma kikilia mdomoni, nikatema vipande vigumu kama changarawe. Nikalipa 2,500 kwa M-Pesa nikatoka meno yakiteleza kwa ulimi kama sahani mpya. Damu ikakoma. Harufu ikaisha. Hakuna mtu aliyeniambia nirudi lini, nami sikuuliza. Kwangu mimi hesabu ilikuwa imefungwa.

Miezi kumi na minne baadaye, nikila hindi choma, jino la mbele la chini likacheza.

Daktari wa pili alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, na alifanya kitu ambacho yule wa kwanza hakufanya. Alichukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita akakipitisha taratibu kati ya kila jino na ufizi wake, huku akimsomea msaidizi wake nambari: tatu, mbili, tatu, tano, sita. Ufizi mzima una nafasi ya milimita moja hadi tatu hivi. Ikifika tano au sita, kumeshachimbika mfuko, na chini ya mfuko huo mfupa unaoshika jino unaliwa pole pole. Akanionyesha picha ya eksirei. Mahali mfupa ulipopaswa kuwa palikuwa na kivuli tu. "Uliokwenda haurudi wenyewe," akasema. "Kazi yetu sasa ni kuulinda uliobaki."

Nikamuuliza nitapona lini. Akaniuliza kama nyumbani kuna mtu mwenye presha. Mathe anayo, nikamwambia. "Na yeye atapona lini?"

Hapo ndipo niliposhika. Mathe hasemi amepona presha. Anasema imetulia. Kila mwezi anaenda kliniki, anapimwa, anachukua dawa, anarudi. Siku akiacha inapanda. Mimi nilikuwa nimepewa ugonjwa wa aina hiyo hiyo halafu nikautibu kama mafua.

Hili ndilo neno langu kwa vijana wenzangu wa Umoja, Kayole, Dandora, Buruburu, Makadara na kwingineko huku Eastlands: kusafishwa meno mara moja ni mwanzo wa tiba, na wengi wetu tunaachiwa hapo hapo mwanzoni. Tunalaumiwa kwa kutopiga mswaki, na ni kweli tunazembea, lakini hata anayejikaza akaenda kliniki, akalipa, akasafishwa, mara nyingi hutoka bila tarehe ya kurudi. Ugonjwa wa fizi bila tarehe ya kurudi haujatibiwa. Umepumzishwa tu.

Wacha nieleze jinsi unavyofanya kazi, kwa sababu nikijua nilivyojua baadaye, ningeokoa mfupa wangu. Kila siku meno hushika utando laini wa bakteria, ule wazee huuita ukoga. Ukiuondoa kwa mswaki, sawa. Ukiuacha siku kadhaa, chumvi zilizomo kwenye mate huugandisha ukawa mgumu kama saruji, na hapo mswaki hauwezi tena. Ufizi ukikaa karibu na uchafu huo huvimba na kutoa damu. Hatua hii ya kwanza inarudi nyuma kabisa. Mwaka 1965 mtafiti Harald Løe kule Denmark alichukua watu 12 wenye fizi nzima akawaambia waache kusafisha meno. Katika muda wa wiki tatu hivi wote fizi zilikuwa zimevimba. Wakaanza tena kusafisha, na baada ya wiki moja hivi zikatulia. Kwa hiyo wewe unayetema damu leo, huenda bado uko mahali pazuri kuliko nilipokuwa mimi.

Lakini ugonjwa ukishashuka chini ya ufizi na kugusa mfupa, hesabu hubadilika. Mswaki haufiki kule. Daktari anaposafisha mifuko hiyo anapunguza bakteria, hawamalizi, na ndani ya wiki kadhaa hadi miezi michache huanza kurudi kama mama mboga waliofukuzwa na kanjo: askari wakigeuka tu, meza zimepangwa upya. Ndiyo maana mtu aliyewahi kupoteza mfupa huambiwa arudi kila miezi mitatu au minne, angalau mwanzoni, kisha daktari huangalia kama muda unaweza kurefushwa. Mwaka 2018 wataalamu wa Ulaya na Marekani walipochapisha utaratibu mpya wa kuainisha magonjwa haya walisema waziwazi kwamba mtu akishaupata ugonjwa huu uliofika mfupani, hubaki kuwa mgonjwa wake maisha yote, hata ukitulia. Maneno mazito, lakini afadhali yasemwe.

Sasa, ni wangapi? Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa 2015 uliripoti matatizo ya fizi kwa takriban asilimia 98 ya watu wazima. Nambari hiyo hupendwa sana kwenye makongamano, na mimi naitilia shaka kidogo. Siisemi ni ya uongo. Shida ni kwamba ukimwambia mtu kila mmoja ni mgonjwa, anasikia hakuna aliye mgonjwa. Kuna utafiti wa zamani unaonisaidia zaidi. Miaka ya 1980 watu wazima zaidi ya elfu moja kule Machakos walipimwa midomo na kundi la watafiti, mmoja wao akiwa Mkenya Firoze Manji, yule ambaye baadaye alianzisha Pambazuka News. Waliona ukoga na damu karibu kwa kila mtu. Lakini uharibifu mkubwa, ile mifuko mirefu na mfupa ulioliwa sana, ulikuwa umejikusanya kwa sehemu ndogo ya watu. Wengi walizeeka na meno yao.

Maana yake kwa mtaa wetu ni kwamba karibu sote tunatema damu mara moja moja, lakini baadhi yetu tunaenda kupoteza meno, na kwa kutazama kioo huwezi kujua uko upande gani. Kile kijiti cha milimita ndicho kinachokwambia. Kwa hiyo ukienda kusafishwa, omba upimwe. Usione haya. Sema, "Daktari, nipime mifuko ya fizi uniambie nambari." Kama ni mbili na tatu, shukuru, endelea na mswaki. Kama kuna tano, kuna sita, wewe uko kwenye chama changu.

Watu wa mtaani wana majibu yao, na yote nimeyasikia. La kwanza: "Ukisafishwa meno yanalegea, yanaachana." Jirani yetu aliapa kabisa kwamba meno yake yalikuwa imara mpaka alipoenda kwa daktari. Ukweli ni kwamba yalikuwa yameshikwa na ule ukoga mgumu, kama ukuta uliopasuka ukapakwa simiti juu. Ukiondoa simiti, ufa unaonekana. Ufa ulikuwepo. La pili ni mkaa na chumvi. Mkaa unakwangua jino na hauwezi kung'oa ukoga ulioganda, wala haufiki kwenye mfuko. La tatu ndilo linaloniuma: kemisti. Ufizi ukivimba, unaenda dirishani, unapewa vidonge vya rangi mbili na vya maumivu, siku nne uvimbe umeshuka, unasema umepona. Uchafu uko pale pale. Na maji ya kusukutua yenye ladha ya minti hufunika harufu siku nzima huku mfupa ukiendelea kuliwa kimya kimya.

Kimya ndiyo neno lenyewe. Ugonjwa huu kwa kawaida hauumi. Jino lililotoboka litakupeleka kliniki usiku wa manane, ufizi hautakupeleka popote. Na ukivuta sigara ni mbaya zaidi, maana moshi hupunguza ile damu ya fizi, kwa hivyo hata ile ishara moja uliyokuwa nayo unainyamazisha, huku ugonjwa ukikimbia. Wale wa tumbaku ya kuweka mdomoni, ile inayofichwa chini ya mdomo kwenye matatu, mjue mnaiweka pale pale penye ufizi. Wa miraa nawaambia hivi: zile bablish tamu na soda mnazoshushia nazo saa sita mfululizo hazisaidii kitu. Wenye kisukari nao wawe macho maradufu, kwa sababu sukari ikipanda fizi huharibika, na fizi zikiharibika sukari huwa ngumu kushuka.

Mathe, kwa taarifa yenu, ana meno kumi na tisa. Mengine yalitolewa moja moja kwa miaka mingi, kila mara kwa utaratibu ule ule: linalegea, linauma, anaenda, ganzi, linang'olewa, anarudi nyumbani na pamba mdomoni. Nilipomuuliza kama kuna daktari yeyote aliyewahi kumwambia ufizi unaweza kutunzwa, alinitazama kama nimemuuliza kama kuna daktari aliyewahi kumwambia mvua inaweza kuzuiwa. Huku kwetu jino ni la kung'oa. Tumelelewa hivyo. Kung'oa ni rahisi kuliko kutibu, na hakuna kurudi.

Kwa hiyo je, kurudi rudi kunasaidia kweli au ni njia ya madaktari kutumaliza pesa? Ni swali halali, nililiuliza mwenyewe nikiwa nimekunja uso. Jibu zuri ninalolijua linatoka Uswidi, mji wa Karlstad. Per Axelsson na wenzake walianza mapema miaka ya 1970 kufuatilia watu wazima waliokuwa wakirudi kliniki kwa mpangilio: wanasafishwa, lakini pia wanafundishwa upya kujisafisha, na kila mmoja anapewa muda wa kurudi kulingana na hatari yake, wengi mara moja kwa mwaka, wachache mara kadhaa. Baada ya miaka 30 watu hao walikuwa wamepoteza kwa wastani chini ya meno mawili kila mmoja, na sababu kwa kawaida haikuwa fizi. Miaka 30! Mathe amepoteza kumi na tatu.

Najua mtakachosema. Uswidi si Kayole. Kweli. Twende kwenye pesa basi.

Kliniki ninayoenda sasa inanitoza 2,500 kila nikirudi. Mara tatu kwa mwaka ni 7,500, yaani kama 145 kwa wiki. Kwangu mimi mwenye mshahara mdogo wa dukani hiyo inauma lakini inawezekana. Tuko vijana watano katika ploti yetu tuliofanya kile ambacho mama zetu hufanya kwa ajili ya sufuria na magodoro: kila Jumamosi mia moja hamsini kwa mweka hazina, na mwezi wa mtu ukifika anapewa zake aende. Mwanzoni tulichekwa. Chama cha meno! Kuna mmoja aliyejaribu kukopa hela za meno anunue simu, tukakataa. Mpaka sasa hakuna aliyekosa tarehe yake.

Lakini siwezi kumtazama kijana wa mjengo anayelipwa kwa siku, siku zenyewe zikiwa tatu kwa wiki, nikamhubiria chama. Hapo chama kinaishia. Hapo ni kazi ya kaunti, kwa sababu tangu ugatuzi wa 2013 afya imekuwa mikononi mwake. Na sidai majumba mapya. Mwanamke mjamzito akienda kituo cha afya hupewa kijitabu cha mama na mtoto, na ndani yake tarehe ya kurudi imeandikwa kwa kalamu. Asipoonekana, mhudumu wa afya wa jamii hubisha mlango. Mgonjwa wa TB hufuatiliwa hivyo hivyo. Utaratibu tunao tayari, watu tunao, ila jino halimo. Chuo cha KMTC hufunza maafisa wa afya ya kinywa wa jamii, ambao kusafisha meno na kufundisha watu ni sehemu ya kazi waliyosomea. Mweke mmoja katika kila kituo cha afya cha Eastlands, mpe kiti, kile kijiti cha milimita, na daftari la tarehe. Mtu akikaribia miezi minne, mtumie ujumbe kwa simu. Kampuni za mikopo hututumia ujumbe kila siku bila kuchoka, sembuse kituo cha afya mara tatu kwa mwaka?

SHA nayo. Ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024 na wengi wetu tusio na ajira rasmi tunadaiwa angalau shilingi 300 kwa mwezi. Nikilipa, ningependa kulipiwa ile siku ya kurudi, isiwe tu siku ya kung'oa. Vikao vya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti hufanyika kila mwaka, na sisi vijana huenda kudai taa za barabarani na viwanja vya mpira. Mimi mwaka huu nitasimama niseme fizi, na najua watu watacheka.

Halafu kuna zile kambi za matibabu za bure, hema nyeupe uwanjani, foleni ndefu, fulana za mfadhili. Nawashukuru kwa nia. Ila mtu akisafishwa meno siku hiyo, hema likakunjwa jioni, atarudi wapi? Afadhali wasafishe watu hamsini mara nne kuliko mia mbili mara moja.

Na ya nyumbani hayana mjadala. Asubuhi na usiku, dakika mbili, mswaki ukiinamishwa pale ufizi unapokutana na jino. Ukiona damu usiukwepe ufizi huo, usafishe taratibu hapo hapo, kwa sababu ukikwepa unaupa nguvu. Katikati ya meno mswaki haufiki: tumia uzi wa meno, au kibrashi kidogo kama una mapengo kama yangu. Maji si kisingizio, najua mifereji huku hukauka wiki nzima na mtungi tunanunua, lakini kupiga mswaki kunataka kikombe kimoja tu. Waliozoea mswaki wa mti, ule unaouzwa Eastleigh nje ya misikiti, waendelee nao, ni mzuri ukitumiwa vizuri na kwa subira. Hakuna chochote kati ya hivi kinachochukua nafasi ya kurudi kliniki kama tayari una mifuko. Wala kliniki haichukui nafasi ya hivi. Mimi nilijaribu kimoja bila kingine na jino langu la mbele ni shahidi, bado linacheza kidogo ukiligusa kwa ulimi, ingawa daktari anasema tangu mwaka jana halijasogea zaidi. Nambari zangu za sita zimeshuka hadi nne.

Tarehe yangu inayofuata ni Jumamosi, saa tatu asubuhi. Mathe amesema atanisindikiza. Alisema ni kwa sababu ana shughuli ya Mutindwa upande huo huo, lakini jana usiku nilimkuta mbele ya kioo, mdomo wazi, akiyahesabu yaliyobaki.